Gari Linavuta Kushoto: Ushahidi wa Pigo Uko Uvunguni

Dereva akiingia gerejini Msamvu, Morogoro, na kusema "fundi, gari inavuta kidogo," kuna maneno ambayo mara nyingi huyameza. Hasemi kwamba juzi usiku, akitokea Mikumi, matairi ya kushoto yalishuka kwenye lami, gari likakata majani, likagonga kitu asichokiona, ndipo akalirudisha barabarani huku moyo ukimdunda. Gari si lake. Ni la bosi, la ofisi, au la shemeji aliyempa kwa siku mbili tu.

"Ulipanda tuta, kaka?" fundi anauliza.

"Tuta la kawaida tu."

"Tuta halikunji rimu kwa ndani."

Kimya. Na kimya hicho ndicho kinacholipeleka gari moja kwa moja kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima mkao wa magurudumu. Huko tairodi, zile fito zinazounganisha usukani na magurudumu, zinazungushwa, usukani unanyooka, dereva analipa na kuondoka akishukuru. Baada ya wiki chache tairi la kushoto limelika upande mmoja hadi waya zinachungulia. Lawama zinaangukia mashine, ambayo haina kosa. Iliulizwa swali lisilo lake.

Ninachodai ni hiki: gari linalovuta upande mmoja baada ya kutoka barabarani lina jeraha mahali fulani, na alaimenti ni kipimo cha jeraha, si dawa yake. Anayetaka kulitibu aanze na pigo. Liligonga nini, kwa upande gani, pigo likapanda kupitia chuma gani? Mpangilio huo wa maswali unaokoa fedha kuliko kifaa chochote.

Morogoro ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili, maana mji huu una njia nyingi za kuliharibu gari. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam inagawanyika hapa: moja inakwenda Dodoma, nyingine inapita Doma na kuingia Mikumi kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia. Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara hiyo inakata kilomita zipatazo 50, na swala hajui alama za barabarani. Kusini, milimani, habari ni nyingine kabisa. Ukipanda kutoka Bigwa kuelekea Matombo na Kisaki, au ukichepuka Sangasanga kwenda Mgeta, au ukithubutu kulipeleka gari dogo Morningside, adui ni mawe, makorongo ya mvua na matope ya masika. Katikati ya mji kuna mitaro ya wazi, iliyojengwa kwa mawe, inayongoja gurudumu la anayepishana vibaya na bodaboda.

Mapigo hayo hayafanani. Ukingo wa lami hukata ubavu wa tairi na kukunja rimu. Mtaro husukuma gurudumu zima kurudi nyuma. Jiwe la mlimani hupita chini ya bampa na kugonga mikono ya magurudumu, au ile fremu nene inayoibeba, ambayo gerejini huitwa krosmemba. Ndiyo maana dereva anayeficha habari anamnyima fundi nusu ya uchunguzi. Hata ukingo wa lami una hadithi yake: kwa kuwa tunaendesha kushoto, gurudumu la mbele kushoto ndilo hushuka kwanza, dereva akiushtua usukani kulia ili apande, tairi hilo linajisugua kwenye ukingo kwa ubavu wake wa ndani, kisha likikamata lami ghafla gari linarukia upande wa wanaokuja. Aliyenusurika hapo akague ubavu wa ndani, ule ambao hauonekani mpaka ulale chini au ulitoe tairi.

Kabla ya spana, yatenganishwe malalamiko. Neno "kuvuta" linabeba mambo matatu. La kwanza ni kuvuta kwenyewe: ukilegeza mkono gari linaondoka kwenye mstari, ukilishika unahisi linashindana nawe. La pili ni usukani uliopinda huku gari likienda sawa. Alama ya Toyota katikati ya usukani imelala, lakini hakuna kushindana. La tatu ni kutetema. Hilo la mwisho mara nyingi ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Gari lililopita kwenye matope hubeba udongo ndani ya rimu, udongo unakauka upande mmoja, na ukifika mwendo wa kilomita 80 usukani unatikisika kama una homa. Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kutoka porini ni ndoo ya maji na brashi, ndani ya rimu na uvunguni kote. Nimeona watu wakinunua tairi jipya kwa sababu ya kilo moja ya udongo wa Mgeta.

Tena, barabara yenyewe huvuta. Lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yaelekee kando, na kwetu sisi tunaotumia upande wa kushoto gari zima lina mwelekeo wa kuteleza kushoto polepole. Hilo si ugonjwa. Tafuta eneo tambarare, au kipande kilichonyooka cha barabara ya Dodoma baada ya Kihonda, alfajiri ya Jumapili ambapo malori ni machache, kisha ulegeze mkono bila kuuachia usukani. Kama linaelea kushoto taratibu kwa umbali mrefu, ni mgongo wa barabara. Kama linakimbilia kushoto hata pale barabara inapolalia kulia, una kazi.

Kazi hiyo inaanzia pale gari linapogusa ardhi. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi na ulinganishwe na kibandiko cha mlangoni, kwa sababu gari huvuta upande wenye upepo mdogo, na tairi lililogonga ukingo huweza kuvuja kidogo kidogo pale rimu ilipojikunja. Kisha pitisha kiganja kwenye ubavu wa tairi, nje na ndani. Uvimbe wowote maana yake nyuzi zimekatika, na tairi la namna hiyo halizibwi wala halihamishiwi nyuma, linatupwa. Ila kuna tairi lisilo na uvimbe ambalo nalo linavuta, kwa kuwa mikanda yake ya chuma imehama kwa ndani. Jicho halioni. Kipimo chake hakina gharama: badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, kama si ya aina yenye mshale wa mwelekeo mmoja. Rudi barabarani. Mvuto ukihama upande, umempata mhalifu kwa kutumia jeki na dakika 20. Mvuto ukibaki palepale, matairi hayana hatia. Sijui kwa nini kipimo hiki si desturi ya kila gereji. Pengine kwa sababu hakimpi mtu fedha.

Breki zinakuja baada ya hapo, na swali ni moja: linavuta wakati wote, au ukikanyaga tu? Likivuta unapokanyaga tu, upande mmoja unabana na mwingine haubani, na gari linakwenda upande unaobana. Kwa hiyo mgonjwa yuko upande wa pili, jambo linalowapoteza wengi. Likivuta wakati wote, na baada ya mwendo rimu moja ina joto kuliko mwenzake, kalipa imekwama au mpira wa breki umeumia. Mpira huo, ule mwembamba unaopeleka mafuta kwenye kalipa, ukibanwa na jiwe huweza kuziba kwa ndani: mguu una nguvu za kuyasukuma mafuta yapite, lakini kalipa haina nguvu za kuyarudisha. Nyunyiza matone ya maji kwenye rimu badala ya kugusa kwa mkono. Upande unaochemsha maji umejitaja.

Haya yote yakiwa safi, tunaingia kwenye chuma, na hapa ndipo mambo yenyewe yalipo.

Magari mengi madogo yanayozunguka Morogoro, IST, Vitz, Passo na ndugu zao, hubebwa mbele na mfumo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson miaka ya 1940, ukaenea kupitia magari ya Ford ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mfumo wa kibahili, kwa maana nzuri ya neno hilo. Shokapu yenyewe ndiyo mguu: juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika kiungo kinachobeba beringi na gurudumu, na chini kabisa kuna mkono mmoja wa chuma unaotoka kwenye krosmemba hadi boljointi, kile kifundo kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Basi. Ubahili huo ndio uliofanya gari dogo liwe rahisi kwa bei. Lakini una matokeo ambayo mwenye gari anatakiwa kuyajua: katika mengi ya magari haya, kitu pekee ambacho fundi wa alaimenti anaweza kukizungusha mbele ni tairodi. Tairodi hurekebisha kama ncha za magurudumu zinatazamana au zinaachana, basi. Hairekebishi gurudumu lililoinama kwa juu, wala lililosukumwa nyuma.

Na hivyo viwili, kuinama na kusukumwa nyuma, ndivyo vinavyovuta gari. Tairodi iliyopinda huleta usukani uliolala na tairi linalolika kwa namna ya msumeno, ambapo ukipitisha kiganja upande mmoja ni laini, ukikirudisha kinakwaruza. Mvuto wake ni mdogo. Bali gurudumu likiinama kwa juu kuelekea nje, hali ambayo kwenye karatasi ya mashine iko kwenye mstari wa kemba, linabiringika kama sahani iliyolazwa kidogo, na gari linafuata upande huo. Gurudumu likirudi nyuma kuliko mwenzake, unapotea ule mlalo wa mguu unaorudisha usukani katikati wenyewe, unaoitwa kasta, na gari linaelekea upande uliopoteza. Mtaro unapolipiga gurudumu la kushoto kwa chini, mara nyingi hufanya yote mawili kwa mpigo: unasukuma chini ndani na nyuma. Ndiyo sababu pigo la kushoto kwa kawaida huvuta kushoto. Likivuta kulia, usilipuuze. Huenda shokapu ndiyo iliyopinda, gurudumu likaelemea ndani kwa juu.

Kiasi gani ni kingi? Kidogo kuliko unavyofikiri. Kati ya boljointi ya chini na sehemu ya juu ya shokapu kwenye gari dogo kuna kama sentimita 60. Mkono wa chini ukirudishwa nyuma sentimita moja tu, mguu umebadili mlalo wake kwa karibu digrii moja, na tofauti ya nusu digrii kati ya kushoto na kulia inatosha dereva kuanza kulalamika. Sentimita moja haionekani ukiwa umesimama. Inaonekana kwa futi kamba: nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. Kwenye IST umbali huo ni kama mita 2.5. Pande mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, kuna kilichorudi nyuma, na kabla ya kulaumu pasipo sababu pima pia nafasi kati ya tairi na bampa.

Kemba nayo hupimika uani kwa pima maji ya fundi mwashi. Gari likiwa kwenye sakafu tambarare, egemeza pima maji kwenye kingo mbili za rimu, juu na chini, iwe wima kabisa, kisha angalia pengo. Kwa rimu ya inchi 14, pengo la milimita sita na nusu hivi ni digrii moja. Linganisha pande zote mbili. Tofauti ndiyo inayokuambia habari, namba ya upande mmoja peke yake haina maana kubwa. Fundi aliyezoea atacheka kipimo hiki. Acha acheke, alimradi naye apime.

Baada ya hapo ndipo gari linainuliwa, likasimamishwa juu ya stendi na si jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise: likicheza, ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, ni tairodi. Lakini gari lililogonga mara nyingi halichezi popote. Chuma kimepinda kikakaza. Hapo fundi mzuri anafungua mikono yote miwili ya chini na kuigeuza, anaweka mmoja juu ya mwenzake kama viganja vya mtu anayeomba. Uliopinda unajitenga wenyewe.

Mikono ikiwa salama, angalia krosmemba. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Imefungwa kwenye bodi kwa bolti kubwa chache, na tundu za bolti hizo zina nafasi kidogo. Jiwe la Matombo likiipiga kwa ubavu, inahama milimita tatu, nne, bila kupinda na bila kupasuka. Dalili ni mbili. Kuzunguka bolti kuna mwezi mwembamba wa chuma kisicho na kutu wala rangi, pale washa ilipokuwa imekaa miaka yote. Na kwenye karatasi ya mashine, gurudumu moja limeinama nje na la pili limeinama ndani kwa kiasi kilekile. Ukiona ulinganifu wa namna hiyo usinunue spea yoyote. Legeza bolti, isukume krosmemba mahali pake, kaza. Kuna watu wamebadilishiwa shokapu mbili na mikono miwili kwa sababu ya bolti nne.

Nyuma nako kusamehewe? Hapana, japo kwa ufupi. IST na Vitz za kawaida zina boriti moja inayounganisha magurudumu ya nyuma. Gari lililozunguka na kugonga ukingo kwa nyuma huenda likawa na boriti iliyopinda, na hapo linatembea kama kaa: linakwenda mbele huku mwili umekaa upande. Ukilifuata kwa nyuma barabarani utaona matairi ya mbele yamejitokeza upande mmoja, nje ya mstari wa yale ya nyuma. Kamba mbili zilizonyooshwa sambamba kando ya gari zitathibitisha. Boriti hiyo haina pa kuzungusha, na fundi atakayekunyooshea usukani kwa mbele tu amekufundisha kaa kutembea kwa adabu.

Sasa mashine ya alaimenti ina zamu yake. Omba karatasi mbili, ya kabla ya kurekebisha na ya baada. Ile ya kabla ndiyo yenye thamani. Ni kama picha ya mfupa uliovunjika kabla daktari hajaweka plasta. Mtu akikupa ya baada pekee, yenye rangi ya kijani kila mahali, muulize kemba na kasta za kushoto na kulia zilikuwaje mwanzoni. Akijibu kwamba "tumeweka sawa tairodi," gari limevalishwa, halijatibiwa.

Kuna mjadala ambao sina budi kuuingilia, nao ni wa kunyoosha kwa moto. Mkono uliopinda unapelekwa kwa mchomeleaji, unapashwa hadi unakuwa mwekundu, unapigwa nyundo, unarudi ukiwa umenyooka na bei ni ndogo. Naelewa kwa nini. Si kila mtu ana fedha ya spea, na dereva anayemficha bosi anataka jambo liishe leo. Lakini chuma hicho kilipewa ugumu wake kiwandani, na moto unauondoa. Mpira wa bushi na grisi ya boljointi navyo vinaungua. Mkono huo ndio unaokushikia gurudumu ukiteremka kutoka Mgeta. Heri mkono wa mtumba kutoka Japani, uliokaguliwa kwa kuwekwa juu ya mwenzake, kuliko wako mwenyewe uliopita kwenye moto. Na ukifungwa, bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likining'inia, mpira unajisokota likishushwa na unaweza kuzaa mvuto mpya ambao utawapeleka wote mbio.

Wenye magari ya mashindano nao huumia, ila hawasumbuki kutafuta jeraha hivi. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, dereva Thierry Neuville aliongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, shokapu ya nyuma kulia ikamwangusha, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Katika kambi zao mguu unaoshukiwa hutolewa mzima na kuwekwa mwingine. Uchunguzi utafanyika baadaye. Sisi tunaolipa spea moja moja ndio tunaolazimika kujua kipi hasa kimeumia.

Kikibaki kitendawili baada ya yote, fikiria usukani wa umeme. Inua mbele, weka stendi, washa injini, ondoa mikono. Usukani ukijizungusha wenyewe, sensa imepoteza katikati yake na inahitaji kuwekwa upya kwa kompyuta. Ni nadra, lakini hutokea, hasa baada ya fundi kufungua nguzo ya usukani akitafuta ugonjwa uliokuwa kwenye krosmemba.

Turudi kwa yule dereva wa Msamvu. Tuseme hatimaye amesema: ni baada ya Doma, nilikwepa mnyama, niligonga kama karavati hivi. Fundi hajamkaripia. Ameingia uvunguni na tochi, ameona ule mwezi mwembamba kwenye bolti ya kushoto, ameirudisha krosmemba, amekaza. Kisha amechukua kopo la rangi nyeupe na kuchora mstari mmoja unaovuka kichwa cha kila bolti hadi kwenye bodi.

"Ukirudi mwezi ujao," anamwambia, "tutaangalia kama mstari umekatika."